Juki DDL-8700 baada ya miaka ya kukanyaga: nimeipenda, na imeniaibisha

Nianze na jibu kwa wenye haraka. Kama wewe ni fundi unayeshona kila siku, una oda za sare, vitenge na mashuka, na sehemu yako ina umeme, Juki DDL-8700 ni cherehani ya kununua. Kama bado unajifunza kukata, usiuze kitu cha nyumbani kwa ajili yake. Subiri kwanza. Sababu nitaieleza, na inagusa jambo ambalo sisi mafundi hatulizungumzi sana: ile aibu inayokushika unapokutana njiani na nguo uliyoishona zamani, mwenyewe kaivaa anatembea kwa furaha zake, na wewe macho yako yamegandia kwenye zipu iliyopinda.

Mimi ni fundi wa nguo za kike na sare za shule hapa Tanga, Ngamiani, huku kwenye barabara zetu za namba. Ufundi nimejifunzia cherehani ya miguu, Butterfly nyeusi yenye nakshi za dhahabu, zile zinazotoka Shanghai, ambazo ukipita mitaa ya pwani hii hukosi kuiona moja barazani. Aliyenifundisha alikuwa bibi mmoja wa jirani aliyeshona tangu ujana wake. Alinianzisha kwa kushona karatasi bila uzi, nifuate mistari ya daftari mpaka matundu ya sindano yakae juu ya mstari. Halafu mistari ya kona. Halafu duara. Kitambaa alinipa baadaye sana, tena vipande vilivyobaki. Nilikuwa namwona ananichelewesha. Siku hizi nafundisha kwa njia hiyo hiyo.

Juki niliinunua kazi zilipozidi miguu. Msimu wa Desemba kuingia Januari, kabla shule hazijafunguliwa, wazazi wanaleta vitambaa vya bluu na vyeupe kwa mafungu, na sketi moja ya marinda ina mishono mirefu kuliko mtu anavyodhani. Kukanyaga kutwa nzima kunaanza kuuma magoti, baadaye kiuno. Nikaamua kuingia kwenye cherehani ya kiwandani.

Ninaposema ya kiwandani, maana yake uielewe mapema: hii inashona mshono mmoja tu, ulionyooka. Haina zigizaga, haishoni matundu ya vifungo, haidarizi. Kazi yake ni moja na inaifanya vizuri sana. Juki wenyewe ni kampuni ya Kijapani, ilianza Tokyo mwaka 1938, na hii 8700 imeenea viwandani duniani kiasi kwamba fundi wa kutengeneza cherehani akiiona haulizi maswali. Hilo peke yake ni sababu kubwa ya kuinunua. Cherehani ambayo mtengenezaji wako anaijua ni bora kuliko yenye sifa nyingi ambayo akiifungua anakuna kichwa.

Kampuni inaeleza kwamba inafika mishono 5,500 kwa dakika. Fundi wa baraza hatahitaji hata nusu yake, na mimi sijaona haja ya kuifikisha huko. Mshono unaweza kuurefusha hadi milimita 5. Kitenge mimi nakishona kwa 2.5, sare nzito kwa 3, na nikitaka kukusanya kitambaa kiwe na mikunjo midogo ya kiunoni naipeleka mpaka mwisho, nalegeza uzi wa juu kidogo, nashona mistari miwili sambamba halafu navuta uzi wa chini. Kinakusanyika sawasawa, bila kukatika uzi katikati.

Kitu nilichokipenda kupita vyote ni kile kinyanyulio cha goti. Chini ya meza kuna bamba dogo. Ukilisukuma kwa goti la kulia, ule mguu unaokandamiza kitambaa unanyanyuka, hadi milimita 13, na mikono yako yote miwili inabaki kwenye nguo. Asiyeshona atasema hilo ni dogo. Chukua kola ya shati. Unafika kwenye ncha, sindano imezama ndani ya kitambaa, unasukuma goti, mguu unapanda, unageuza kitambaa kwa vidole vya mikono miwili huku kidole gumba kimeshikilia kona isihame hata unywele, unaachia goti, unaendelea. Ncha inatoka kali. Upande wa pili unafanya vile vile, na kola ikigeuzwa ncha zote mbili zinalingana. Kwenye cherehani ya miguu mkono mmoja lazima uache nguo uende nyuma kunyanyua mguu kwa wenzo, na katika sekunde hiyo kitambaa cha juu kinateleza juu ya cha chini. Hapo ndipo kola nyingi za mtaani zinapopatia ncha moja ndefu na moja fupi.

Sasa niingie kwenye lile la aibu.

Wiki za mwanzo nilikuwa natabasamu peke yangu. Mshono umenyooka, umekaa, juu na chini unafanana. Furaha hiyo haikudumu. Nilianza kuona vitu vingine. Mshono wa bega umenyooka, lakini bega la kushoto limekatwa refu kuliko la kulia. Zipu imekaa sawa, lakini ua la kitenge limekatika katikati ya mgongo, nusu yake iko juu ya nusu nyingine. Pindo limeshonwa safi, lakini gauni lenyewe linaning'inia upande kwa sababu kitambaa kilikatwa bila kufuata uzi wake. Zamani haya yote yalikuwepo. Ila mshono wenyewe ulikuwa unayumba kidogo, pindo linayumba kidogo, kola inayumba kidogo, basi kila kitu kilifichana. Mbaya akiwa katikati ya wabaya haonekani. Cherehani nzuri ilipoondoa kuyumba kwa mshono, iliyobaki peke yake uwanjani ilikuwa kazi ya mkasi wangu.

Ndiyo maana nawaambia wanaojifunza wasubiri. Ukiwa hujui kukata, Juki itakushonea makosa yako kwa mshono ulionyooka, haraka, na utakuwa umeharibu vitenge viwili katika muda ambao zamani ungeharibu kimoja.

Na macho yakishafunguka hayarudi kufumba. Nilianza kuziona nguo zangu za zamani mjini. Sokoni Mgandini, kwenye daladala, harusini. Harusini ndiko kubaya, maana watu wamekaa na wewe una muda wa kuangalia. Nilikuwa naweza kumtambua mteja wangu kwa mgongo kabla sijamwona uso, kwa sababu ya jinsi kitambaa kilivyojikunja pembeni mwa zipu. Nikifika nyumbani naingia kwenye simu na kufuta picha za kazi zangu za zamani. Mafundi wenzangu wanajua ninachosema, maana tumezungumza. Mmoja aliniambia huwa anabadili njia akimwona mteja fulani amevaa suti yake ya kwanza.

Kisha akaja mama mmoja kutoka Chumbageni, mteja wa tangu enzi za baraza langu la kwanza. Kaleta gauni la kitenge la manjano lenye ndege wa bluu, nililomshonea mimi. Alitaka nimpanulie maana ameongezeka mwili, na alikuja na kitambaa kipya ili nimshonee lingine.

Niligeuza gauni ndani nje. Nakueleza nilichokiona, kwa sababu fundi yeyote anayejifunza atafaidika. Kingo za kitambaa hazikupita kwenye ovaloki, ile cherehani ya kufunga kingo zisichanue, zilikatwa kwa mkasi wa meno tu, na baada ya kufuliwa miaka zimechanua nyuzi. Uzi uliotumika ulikuwa mweusi juu ya manjano. Shingo ilikuwa na gamstafu, kile kitambaa cha gundi kinachogandishwa ndani ili shingo isimame, nayo ilikuwa imevimba vimba, ishara kwamba pasi haikuwa ya moto wa kutosha au haikukaa muda wa kutosha ilipogandishwa. Pembeni mwa zipu kitambaa kimejikunja, na sababu yake naijua sasa: kitenge kipya kina wanga, kinakuwa kigumu na kinakaa vizuri mkononi, lakini ni pamba, kikifuliwa mara ya kwanza kinaruka, yaani kinasinyaa, na zipu hairuki. Kama hukukilowesha na kukianika kabla ya kukata, gauni linatoka kwako limenyooka na linaharibikia kwenye beseni la mteja. Hulioni ukiwa barazani. Unalikuta mtaani baada ya mwezi.

Nikamwambia, "Mama, hili lilikuwa la mwanzo mwanzo. Niache nikushonee lingine zuri, hili lipumzike."

Akanitazama. "Mwanangu, hilo ndilo zuri. Kwapani halinibani, nikiinama jikoni halichaniki, nikikaa halipandi. Wewe unaangalia nyuzi, mimi najua ninachovaa. Nataka jipya liwe kama hilo hilo."

Nilikaa nalo gauni lile jioni nzima. Nikalipima kwa futi. Na kweli, kwapa lilikuwa na nafasi kubwa kuliko ninavyokata siku hizi, mkono umekatwa mpana kwa juu, kiuno hakikubana. Nilikuwa nimekata hivyo kwa woga. Fundi mchanga anaogopa nguo isiingie, basi anaongeza kila mahali. Nilipokuja kuiva nikajifunza kubana, kufuata mwili, kupata lile umbo ambalo linapendeza kwenye picha, na bila kujijua nikaanza kuwashonea wanawake wa makamo nguo za kusimama nazo wakati wao wanafanya kazi, wanainama, wanabeba watoto.

Lingine lilikuwa kubwa zaidi. Ndani ya mishono ya pembeni niliacha inchi nzima ya kitambaa kila upande. Siku hizi naacha nusu inchi, ovaloki inakata na kufunga, ndani kunang'aa. Ile inchi nzima ilikuwa mbaya kuitazama, imechanua na imejikunja, lakini ndiyo iliyoniwezesha kumpanulia mama wa watu gauni lake bila kuweka kiraka. Nilifumua kwa kiwembe, nikapiga pasi, nikashona upya nje zaidi. Gauni ambalo ningeshona mwaka huu, kwa usafi wangu wote, lisingepanuka.

Toka hapo nimebadilisha ukataji. Nguo za mtu mzima naacha inchi pembeni, kila ukingo unapita kwenye ovaloki peke yake kabla ya kuungana, halafu mshono unafunguliwa kwa pasi ulale pande mbili. Ni kazi ya ziada kidogo, ndani kunabaki safi, na nguo inaweza kupanuliwa. Sare za watoto naongeza pindo refu la chini, maana mtoto wa darasa la tatu ndani ya mwaka mmoja anarefuka na mzazi hana pesa ya sketi mpya. Haya nimejifunza kutoka kwenye gauni ambalo nilitaka kulificha.

Kitu kingine nilichokifanya baada ya hapo, na ningeomba kila anayefikiria kununua cherehani mpya akifanye kabla ya kutoa pesa. Nilichukua kitenge kimoja, nikakilowesha, nikakianika, nikakipiga pasi. Nikakata vipande vya mbele na nyuma vya blauzi mbili zinazofanana, kwa utulivu, ndege wakutane katikati. Moja nikaishona kwa Butterfly, nyingine kwa Juki. Sindano mpya kote kuwili, uzi wa aina moja. Kila mshono ukimalizika naupiga pasi kabla ya kwenda mwingine. Nikazitundika ukutani na kumwuliza binti ninayemfundisha, ipi ya umeme.

Alizitazama kwa mbali akashindwa. Akasogea, akashika kola, hapo ndipo akajua, kwa sababu ya zile ncha. Na pale tabaka za kitambaa zilipokutana nne, kwenye makutano ya kwapa, ya miguu ilikuwa imesitasita na mishono miwili mitatu imekuwa mifupi. Mengine yote sawa.

Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya kilichokuwa kinaniumiza kwenye nguo zangu za zamani haikutoka kwenye Butterfly. Ilitoka kwenye kitambaa kisicholoweshwa, sindano butu iliyokaa miezi, pasi iliyongoja nguo iishe, na kukata kwa kubana kitambaa kitoshe. Namtetea cherehani wangu wa zamani kwa moyo wote. Alikuwa anafanya kazi yake. Naijua furaha ya kununua chombo kipya ukaamini kwamba kazi mbaya zilikuwa za chombo cha zamani, lakini hiyo si kweli, na ukiamini hivyo utanunua tena na tena.

Binti huyo ninayemfundisha alikuwa ameanza kukata tamaa. Anashona, anafumua, anasonya, analinganisha kazi yake na yangu ya sasa. Nilipompa lile gauni la manjano aligeuze ndani, alikaa nalo kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kukaa na nguo yoyote mpya niliyomwonyesha. Aliuliza maswali ya maana: kwa nini hapa umevuta, kwa nini hapa uzi umelegea, ungefanyaje. Nguo iliyotoka safi haimwonyeshi mwanafunzi mahali pa kuingilia. Nilirudi kwa wateja wangu kadhaa nikawaomba nguo zao za zamani walizoacha kuvaa, na sasa nina furushi la kufundishia. Picha nilizofuta zinaniuma. Ningezipanga mwaka hadi mwaka, ningewaonyesha wanafunzi njia nzima.

Kuna jambo la pesa hapa, na naliweka wazi kwa sababu nimeliona likiwaumiza mafundi wengi, hasa wanawake. Fundi ambaye macho yake yamekua kuliko mikono yake anaanza kupunguza bei. Mteja amekuja na furaha, yeye anamwonyesha kasoro ambazo mteja hakuziona, anaomba radhi, anakata nusu ya bei. Au anajitolea kurudia nguo za zamani bure. Jamani, tusifanye hivyo. Mteja wa wakati ule alilipa bei ya fundi wa wakati ule, akapata nguo, akaivaa. Mmemalizana. Nguo ya zamani ikiletwa kurekebishwa, lipisha marekebisho kama ungemlipisha mtu aliyeshonewa kwingine. Mimi yule mama alinilipa kupanua na akanilipa gauni jipya, kamili, na alitoka anashukuru.

Nirudi kwenye cherehani yenyewe, maana kuna mambo ya kiufundi ambayo hayaandikwi sana kwa lugha yetu.

Kichwa, meza na mota huwa ni vitu vitatu, na bei unayotajiwa uliza inahusu vipi. Swali kubwa ni mota. Kuna ile ya zamani ya klachi, ambayo ukishawasha inazunguka na kuvuma muda wote hata kama hushoni, inakula umeme bure, na ukikanyaga kwa pupa inaruka na nguo yako. Na kuna mota ya savo, ambayo iko kimya mpaka ukanyage, na ina kitufe cha kupunguza spidi ya juu kabisa. Chukua savo. Kwa mtu anayetoka kwenye cherehani ya miguu hili si la anasa, ni usalama wa vidole. Ifunge kwenye spidi ndogo kabisa, ushone kona na duara mpaka mguu wako ujifunze kukanyaga kwa upole, ndipo upandishe taratibu.

Mafuta. Chini ya kichwa kuna sinia la mafuta, pampu inayapandisha yenyewe, na juu kuna kidirisha kidogo cha kuonea. Ukishona, mafuta yanatakiwa yaonekane yanarukaruka pale dirishani. Hayaonekani, simama, usishone hata mshono mmoja. Sinia lina alama ya juu na ya chini, weka mafuta meupe ya cherehani yasipite ile ya juu. Mafuta ya kupikia na ya gari yaache jikoni na gereji. Cherehani ikiwa mpya, au imekaa bila kutumika, iendeshe kwa mwendo wa kati kama dakika 10 kabla ya kuipa kazi. Huku kwetu pwani hewa ina chumvi, kwa hiyo usiku ifunike, na sindano zilizobaki zitie kwenye kipande cha kitambaa chenye mafuta, vinginevyo zinashika kutu ndani ya pakiti.

Sindano zake ni DBx1, zina mpini wa duara. Zile za Butterfly zina upande mmoja bapa na haziingii hapa, usilazimishe. Namba 11 kwa vitambaa vyepesi vya mitandio na bitana, 14 kwa kitenge na sare, 16 kwa jinzi. Badilisha sindano mara kwa mara. Ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye kazi hii na ndicho tunachokibania zaidi. Ukisikia kitambaa kinalia tik tik sindano inapozama, imekuwa butu.

Nunua pia ule mguu wa upande mmoja wa kushonea zipu. Mguu wa kawaida ni mpana, unapanda juu ya meno ya zipu na kusukuma mshono pembeni, na ndiyo asili ya zile zipu za mawimbi ninazoziona harusini. Wa upande mmoja unapita kando kabisa ya meno. Bei yake haizidi chakula cha mchana.

Kama kazi zako ni nzito, jinzi na maturubai, ulizia DDL-8700H, ile imetengenezwa kwa vitambaa vizito. Iko pia DDL-8700-7 inayokata uzi yenyewe, inasaidia kwenye karakana kubwa. Kwa baraza la mafundi wawili sioni sababu ya kulipia zaidi, mkasi mdogo shingoni unatosha.

Kuwa macho na vichwa vinavyofanana nayo kwa umbo na rangi. Niliwahi kuonyeshwa kimoja kwenye duka moja, kimeandikwa vizuri kabisa, kikashindwa mtihani wa kwanza. Mtihani wenyewe ni huu: nenda na vipande vyako, kitambaa chepesi cha mtandio na jinzi iliyokunjwa ikawa tabaka nne. Shona chepesi kwanza. Kisijikunje, kisimezwe na tundu la sindano. Halafu shona jinzi bila kubadilisha chochote isipokuwa sindano. Geuza utazame chini. Uzi wa juu na wa chini unatakiwa ukutane katikati ya kitambaa, usione vijifundo upande wowote. Vikionekana chini, kaza uzi wa juu kidogo; vikionekana juu, legeza. Ukikaza na kulegeza na bado haikai, shukuru, toka dukani. Ukiweza nenda na mtengenezaji wako wa cherehani, umlipe nauli na muda wake. Muuzaji mkweli hatakataa mtihani huo.

Yale inayoyakosa nimeshayataja: vifungo na zigizaga utavifanyia kwingine, na ovaloki utaihitaji kando. Umeme ukikatika, imekatika. Ndiyo maana Butterfly yangu iko pale pale karibu na mlango, inafanya kazi za marekebisho, na ndiyo anayojifunzia binti. Siuzi.

Gauni jipya la yule mama nilimshonea kwa Juki. Kwapa la zamani, upana wa zamani, inchi nzima pembeni. Kitambaa kililoweshwa kwanza, ndege wamekutana mgongoni, shingo imegandishwa kwa pasi ya moto, uzi wa manjano. Alilivaa pale pale nyuma ya pazia, akainama kuokota mkoba wake, akanyoosha mikono juu, akakaa kwenye kiti, akasimama, akasema limekaa kama lile. Zipu hakuitazama. Ameshaleta kitambaa cha Idi, na safari hii kaja na dada yake.